Kitabu cha Kumlaza Kudra

2 Mfunguo Nne, 1324

Kosa wanalofanya watu wengi wanapomlaza mtoto ni kumtisha. Mtoto akikataa kufumba macho huambiwa fisi yuko nje, au kiboko anapanda kutoka mtoni, au bundi amekwisha kumsikia. Mtoto hunyamaza, na mkubwa huenda zake akidhani kazi imekwisha. Haikwisha. Mtoto yumo gizani, macho wazi, anamsubiri huyo mnyama. Nimefundisha chuo cha Qurani Kibiti tangu ndevu zangu zilipokuwa nyeusi, na watoto waliosinzia juu ya ubao asubuhi, nikiwauliza, karibu wote walikuwa wamelazwa kwa jina la mnyama.

Naeleza haya kwa sababu ya mjukuu wangu Kudra, aliyeachishwa ziwa mwaka jana. Askari walipokuja Kibiti kuchoma maghala, mama yake, ambaye ni binti yangu Mwanamkuu, alijificha naye kichakani. Alimziba mdomo akamnong'oneza kwamba akilia fisi atamsikia. Mtoto hakulia, na askari wakapita. Simlaumu Mwanamkuu, kwa saa ile sikuwa na neno bora la kumpa. Lakini tangu hapo kila giza likiingia Kudra hulia, na akisikia sauti ya mnyama yeyote hulia zaidi.

Sasa tuko huku visiwani, nyuma ya Mbwera, katika shamba la mpunga la bibi mmoja aitwaye Mashavu. Ametupa nafasi katika dungu lake, yaani kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu wa mto hukaa wakilinda mpunga wasipatwe na ndege, nguruwe wala mafuriko. Ni mahali pazuri pa kujificha. Kwa kumlaza Kudra hapafai kabisa. Kiboko anakoroma mkondoni, kima wanagombana mikokoni, na vyura hawana hata adabu ya kupokezana.

3 Mfunguo Nne

Mvua.

4 Mfunguo Nne

Mvua. Kudra alilia mpaka sauti ikamkauka. Mashavu aliniuliza kama huko Kibiti watoto wote hulelewa hivi au ni watoto wa walimu tu.

6 Mfunguo Nne, Ijumaa

Alikuja Kibwana, mpwa wake Mashavu, mwenye mtumbwi uliotuleta. Hakupanda dunguni. Alisimama chini, maji yamemfika magotini.

"Mwalimu, mtoto anasikika mpaka kwenye mdomo wa mkondo."

"Ni mtoto, Kibwana."

"Najua ni mtoto. Askari naye akisikia atajua ni mtoto, na atajua kuwa mtoto ana mama."

Mume wa Mwanamkuu, Huseni wa Mkongo, aliondoka na watu wa maji kwenda vitani mwaka jana na hajarudi. Jina lake limesomwa mbele ya akida. Wake wa watu kama yeye wanawekwa rehani bomani mpaka waume zao watoke porini. Wengine hawatoki kwa sababu wamekufa, na mke hubaki kulekule, akibeba mawe.

Kibwana alinieleza, kama mtu anayemweleza mgeni, kwamba mashua ya askari haiwezi kupanda mkondo huu ila wakati wa bamvua, maji yakijaa sana. "Bamvua ya kwanza tutaomba Mungu. Ya pili, kama bado analia, nitawapeleka Mbwera mkakae kwa wengine. Shangazi yangu ana roho nzuri lakini ana shingo moja tu."

"Nani kakuambia nina roho nzuri," Mashavu alisema kutoka juu. "Nenda zako kabla sijakumwagia ukoko."

9 Mfunguo Nne

Nimetafakari siku hizi jambo moja. Kudra anaogopa sauti kwa sababu hajui mwenye sauti anafanya nini. Basi nitamwonyesha.

Nilichukua ubao wangu wa chuo, ambao niliubeba kutoka Kibiti nikaacha vyungu, nikachemsha wino wa masizi na utomvu. Nikamchora kiboko. Walimu wenzangu wangenikemea kwa kuchora kiumbe chenye roho, kwa hiyo nilimchora macho yamefumbwa. Nilijiambia kwamba aliyelala ni nusu ya picha. Chini yake niliandika:

Kiboko yumo majini,
pua kaacha hewani,
mwanawe yu ubavuni,
wamelala, huwaoni.

Baada ya magharibi nilimpakata Kudra, nikamsomea kwa mwanga wa jiko. Nilipofika mwisho nikarudia, na mara ya tatu nikaliacha neno la mwisho wa kila mstari, kama tunavyofanya chuoni ili mtoto alimalizie. Alinitazama mdomoni. Kisha akasema, polepole sana, "Majini."

Kiboko alipokoroma alishtuka, lakini alitazama ubao kwanza kabla ya kulia. Kabla ya leo hakuwa akitazama kitu.

12 Mfunguo Nne

Kiboko bado. Analia, lakini kidogo.

13 Mfunguo Nne

Nilikwenda na Kibwana kutega samaki. Nimerudi nikakuta ubao mweupe.

"Nimekwisha kumpa," Mashavu akasema.

"Umempa nini?"

"Kombe lake. Nimeosha ubao, nimemnywesha. Mwalimu, unaandika dawa unaiacha inakauka siku nne, unamngoja nani ainywe?"

Lazima nieleze, maana pengine atasoma mtu asiyetoka kwetu. Kombe ni maneno ya Qurani yanayoandikwa kwa wino, yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Mashavu hajui kusoma. Ameona herufi za Kiarabu, ameona mwalimu, ameona mtoto asiyelala. Mtu yeyote wa kwetu angefanya alivyofanya yeye. Nilimwambia ile haikuwa aya, ilikuwa kiboko.

"Basi amekunywa kiboko," akasema. "Tuone."

Kudra alitafuta picha ubaoni, akaikosa, akalia hadi akachoka. Halafu akalala usiku kucha, kwa mara ya kwanza tangu Kibiti. Asubuhi Mashavu alinitazama tu, akasonga ugali kwa madaha.

16 Mfunguo Nne

Mashua ilipita jana alasiri kwenye mdomo wa mkondo, haikupanda. Kudra alikuwa amelala. Namshukuru Mungu, na uchovu, kwa pamoja.

20 Mfunguo Nne

Nimemchora kaa.

Kaa kafunga mlango
kwa kibonge cha udongo,
kaweka chini magando,
hana tena lake jambo.

Vina havikukaa sawa. Kudra hakulalamika. Alisema "udongo" kwa furaha iliyonifanya nione aibu kwa kuhangaikia vina.

24 Mfunguo Nne

Alikuja mwanamke na mtoto mchanga mgongoni, amepiga kasia kutoka upande wa Mbwera. Anataka maji ya kulaza mtoto; habari za kombe la Kudra zimemfikia.

25 Mfunguo Nne

Wengine.

29 Mfunguo Nne

Nimechoka kueleza. Nimeeleza kwa kila mmoja kwamba huyu ni kaa, haya ni magando yake, huu ni udongo. Wananisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha wananyoosha kibuyu. Mume wa mmoja wao alikwenda vitani amepakwa maji ya kugeuza risasi, akafia njia ya Kibata. Nilimuuliza mkewe kwa nini bado anatafuta maji. Alinijibu bila hasira: "Mwalimu, nimpe nini basi? Chakula sina."

Mwanzoni niliwaona wajinga. Leo sioni hivyo. Mama mwenye mtoto anayelia anataka kitu cha kumtia mkononi au mdomoni, na mimi ninampa maelezo.

1 Mfunguo Tano

Kibwana safari hii alipanda dunguni, akakaa, akazungumza kwa sauti ya chini, nami nikajua ana hasira kweli.

"Mwalimu, umesoma wewe. Vita hii imeanza na nini?"

"Na maji."

"Na wanaogawa maji wanafanywa nini?"

"Wananyongwa."

"Sasa huko Mbwera wanasema kuna mzee juu ya mkondo, anagawa maji. Kwanza mtoto angetuua kwa kelele. Sasa unatuua kwa kumnyamazisha."

Alichukua ubao, akashuka, akaufunga jiwe, akauzamisha penye kina. Ubao huo alinichongea marehemu baba yangu. Sikumzuia. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemwambia amepata jawabu.

Kudra amelia leo kama zamani.

4 Mfunguo Tano

Analia. Mafuriko yamefika kwenye ngazi.

5 Mfunguo Tano

Analia. Mashavu alimwimbia wimbo wa kufukuza ndege. Haukufaa kumlaza, lakini ndege waliondoka.

7 Mfunguo Tano

Kisichotakiwa kuoshwa kisiandikwe ubaoni. Ningepaswa kufikiri hivyo mapema. Daftari hili nililinunua duka la Mhindi kabla ya vita na halina ndugu. Nimekata karatasi za nyuma, nikazikunja, nikazishona kwa ukindu. Kuanzia sasa nitaandika kidogo, maana karatasi ni za Kudra.

Nimewachora upya kiboko na kaa, na nimemwongeza kima:

Kima kakoma kuruka,
mkia ameushika,
mamaye kamfunika,
usingizi umefika.

Nilimwita Mashavu, nikaweka kitabu mikononi mwake, nikamwomba aniambie anaona nini.

"Kima," akasema. "Ameshika mkia kama wewe unavyoshika tasbihi."

"Utamwosha?"

"Nitakuosha wewe."

Wanawake walipokuja tena ni yeye aliyewaambia hakuna dawa, ni picha, kaeni mtazame. Wawili walikaa. Watoto wao wakatazama. Mmoja alilala, mwingine akala ukurasa kidogo kwenye pembe.

15 Mfunguo Tano

Bamvua. Hawakuja. Kudra analala akifika kwa kima, siku nyingine kwa kaa. Kibwana hajasema tena habari ya kutuhamisha, na mimi sikumkumbusha.

22 Mfunguo Tano

Kudra amezua jambo. Kitabu kikiisha anakigeuza, anatazama nyuma, anauliza, "Fisi yuko wapi?"

Nilimwambia visiwani hakuna fisi. Ni kweli, tena nilieleza vizuri. Hakulala.

26 Mfunguo Tano

"Babu, fisi yuko wapi?"

Sababu ya kutomchora ni hii, na sitaiandika kwa urefu. Tulipopita tena Kibiti baada ya moto kutafuta mbegu, niliwaona fisi, na niliona walichokuwa wakila. Nimeishika kalamu mara nyingi. Kila nikimfumba macho anafumbua.

2 Mfunguo Sita

Mwanamkuu hajawahi kuzungumza nami habari ya kile kichaka. Leo alikuwa akitwanga, akasimamisha mchi.

"Baba, nipe hiyo kalamu."

"Hujawahi kushika kalamu."

"Fisi nimemleta mimi. Nikimwachia mwingine amtoe hatatoka."

Alichora kutwa nzima, ulimi nje kama mtoto wa siku ya kwanza chuoni. Maneno aliyasema yeye, mimi nikayaandika na kurekebisha mizani tu:

Fisi naye yuko kwake,
kachoka na njia zake,
kichwa mikononi mwake,
hana haja na mwenzake.

Kudra alimgusa fisi kwa kidole, akamtazama mama yake, akamgusa tena. Nilijua huyo fisi hafanani na fisi. Nilinyamaza, jambo ambalo Mashavu anasema ni la kuandikwa katika daftari. Nimeliandika.

8 Mfunguo Sita

Mpunga unaanza kuwa wa dhahabu kando ya maji. Ndege wengi. Kudra analala.

15 Mfunguo Sita

Nitaandika kwa mpangilio.

Alasiri, maji yamejaa, Mashavu aliona makasia. Mashua ilikuwa tayari ndani ya mkondo. Mwanamkuu alimchukua Kudra wakaingia mikokoni nyuma ya dungu, kwenye tope, karibu kiasi kwamba niliona majani yakitikisika yakitulia. Hapakuwa na wakati wa kwenda mbali.

Walikuwa askari na mkubwa wao, ombasha, mtu mrefu, mgeni wa pwani hii, Kiswahili chake cha kambini. Kibwana walikuwa wamemkamata njiani, wamemkalisha mbele ya mashua.

"Wewe mzee ya maji?"

"Mimi mwalimu wa chuo."

"Mbwera nasema iko mzee, iko maji ya dawa."

Walipekua dungu. Wakatoa kitabu. Ombasha alikigeuza juu chini, akaona herufi, uso ukabadilika. Nilieleza ni kitabu cha kumlaza mtoto mdogo. Akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema ninawasomea watoto wa wanawake wapitao, na hilo lilikuwa kweli.

"Soma," akasema. "Kwa sauti."

Hapo nilielewa nilichokifanya. Kwa miezi hii nimemfundisha mtoto kwamba babu akisoma na kusita, ni zamu yake kusema. Yuko nyuma ya majani, anaisikia sauti yangu. Ilimradi nisisite. Nilisoma kiboko kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

"Mbona mbio?" ombasha akasema. "Wewe naficha kitu. Soma polepole, kama kwa mtoto."

Nikarudi mwanzo. Kiboko yumo majini. Niliyashika maneno mawili ya mwisho pamoja, lakini pumzi ya mzee ni fupi, na mwisho wa kila mstari palikuwa na pengo ambalo sauti ndogo ingeweza kuingia. Mashavu alianza kufukuza ndege kwa kelele. Ombasha akamwamuru anyamaze. Pua kaacha hewani. Nilisikia maji yakigonga mashua. Mwanawe yu ubavuni. Hakuna. Wamelala, huwaoni. Hakuna.

Nikasoma kaa. Nikasoma kima. Kibwana alikuwa ametazama miguu yake muda wote. Neno moja tu kwa ombasha lingemtoa katika mashua ile, na alilijua.

Nilipofungua ukurasa wa mwisho ombasha aliinama. "Hii nini?"

"Fisi."

"Hii mbuzi."

Askari walicheka, wakapokezana kumtazama. Mmoja akasema ni mbuzi wa kwao kabisa, hata masikio. Ombasha akamgeukia Mashavu. "Wewe ndiyo nasema watu hii dawa?"

Mashavu ninayemjua hajawahi kukubali kosa, hata la chumvi. Akasema, "Ni mimi, bwana. Mimi mjinga, sijui kusoma. Niliona wino nikadhani kombe. Kumbe kiboko."

Ombasha alikichovya kitabu mkondoni, akakibana mpaka wino ukatoka wote, akajaza kata, akanipa. "Kama si dawa, kunywa." Nilikunywa. Yalikuwa maji ya chumvi na masizi. Alinitazama kwa muda, anangoja nife au nigeuke kitu. Nilikohoa tu. Akatupa kilichobaki, wakapakia mpunga uliokwisha kuvunwa, wakaondoka na Kibwana awapigie makasia.

Nilingoja mpaka sauti yao ikapotea, nikaenda mikokoni. Mwanamkuu alikuwa kwenye tope hadi kiunoni, Kudra begani, midomo ya mama imetoka damu kwa kuiuma.

"Sikumziba mdomo, Baba," akasema. "Mkono ulikataa."

"Alisema nini?"

"Alisema 'majini', kwa kunong'ona, sikioni kwangu. Na 'hewani'. Hukufika kwa kima, alikuwa amelala."

19 Mfunguo Sita

Kibwana amerudi kwa miguu, mgongo umevimba. Hakusema chochote bomani. Mashavu anamkanda kwa maji ya moto na kumtukana taratibu. Nilitaka kumshukuru kwa maneno marefu. Akaniambia, "Mwalimu, leo usieleze." Nikamshikia taa.

27 Mfunguo Sita

Tunavuna kilichobaki. Ni kidogo. Habari za Huseni hakuna.

3 Mfunguo Saba

Kitabu hakipo na karatasi hii ndiyo ya mwisho. Kudra anakisoma chote kwa kichwa, na anawapangia wanyama atakavyo: jana aliwalaza kaa na fisi chumba kimoja. Mwanamkuu ameanza naye kulala mapema. Mimi silali sana, lakini huo ni umri.

Yule mjane aliyesema hana chakula alikuja tena na mwanawe. Safari hii sikumweleza kitu. Nilimwambia jambo moja la kufanya, na nakuambia na wewe uliyefika hapa: leo, kabla giza halijaingia, muulize mtoto wako anamwogopa mnyama gani, kisha ukae kimya mpaka akujibu.